Kisiwa cha Wenzao na Visiwa Vyetu

Mstari unaotenganisha Tanzania na Uganda hapa kwetu haufuati mto wala mlima, wala haufuati mipaka ya himaya za kale za Bakama. Unafuata digrii moja kusini ya Ikweta, nao umenyooka juu ya maji na nchi kavu kama uzi wa fundi mwashi. Yafaa wananchi wa Bukoba na Muleba, hasa ndugu zetu wa visiwani, pamoja na viongozi wanaowaamulia mambo, wakumbuke jinsi mstari huo ulivyopatikana.

Bunge la Uingereza lililochaguliwa mwaka 1886 lilidumu hadi mwaka 1892. Wabunge wake walikuwa 670, na Waziri Mkuu kwa karibu muda wote huo alikuwa Lord Salisbury. Tarehe 1 Julai, 1890, Serikali yake ilitia sahihi mjini Berlin mapatano na Ujerumani. Wajerumani walikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Waingereza nao walitoa Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kilichokuwa mikononi mwao tangu mwaka 1807. Na katika mapatano hayo hayo mpaka ulipitishwa katikati ya Ziwa Victoria na kuendelea magharibi hadi kwenye dola la Kongo.

Kuhusu Heligoland, Serikali ilipeleka mswada Bungeni. Kisiwa hicho hakifiki kilomita mbili za mraba, na wakazi wake wakati ule walikuwa kama elfu mbili tu. Hata hivyo palikuwa na mabishano makali. Wako waliouliza kama wenyeji walikuwa wameulizwa. Malkia Victoria mwenyewe, ambaye ziwa letu limepewa jina lake, alimlalamikia Waziri Mkuu kwamba si haki kuwatoa watu wale bila kuwataka shauri. Wenyeji hawakupigishwa kura, lakini angalau walikumbukwa. Mapatano yaliwapa nafasi ya kuchagua kubaki raia wa Uingereza hadi tarehe 1 Januari, 1892. Waliokwisha kuzaliwa walisamehewa kuandikishwa jeshini. Na mila zao ziliahidiwa kuheshimiwa kadiri iwezekanavyo. Mswada ulipita, na Agosti 1890 kisiwa kikakabidhiwa.

Je, watu wa ziwa hili walipewa nini? Mpaka wao haukuhitaji mswada. Sahihi za wajumbe wa Serikali mbili zilitosha. Bakama wa Kiziba, Kyamutwara, Kihanja na Ihangiro hawakuulizwa. Kabla mwaka huo kwisha, Emin Pasha alikuwa amekwisha kufungua kituo cha Wajerumani hapa Bukoba.

Wala mtu asiseme kwamba wakubwa wa London hawakujua kuwa ziwani mna watu. Mwaka 1875 Stanley aligombana na watu wa Bumbire, akarudi mwezi Agosti kuwapiga risasi ufukoni mwao. Barua zake zilichapishwa magazetini mwaka uliofuata, zikawachukiza Waingereza wengi. Basi jina la Bumbire lilikuwa limekwisha kusomwa London miaka kumi na minne kabla ya mapatano. Kilichokosekana si habari. Kilichokosekana ni mtu wa ziwani ambaye neno lake lingeweza kuzuia jambo.

Gharama yake tumeilipa sisi. Mto Kagera unapinda kusini ya mstari ule, na kwa hiyo sehemu ya ardhi yetu imebaki ng'ambo ya mto upande wa kaskazini. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia sehemu hiyo, naye akatangaza kuwa mpaka ni mto. Watu waliuawa, mifugo ikaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa, na maelfu ya wananchi wakakimbia makwao. Vijana wetu walikwenda vitani kulinda mpaka ambao babu zao hawakuuchora. Hatusemi kwamba mpaka huo ubadilishwe. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele mwaka 1964, nchi za Afrika zilipokubaliana mjini Cairo kuiheshimu mipaka iliyorithiwa, na uamuzi ule ulikuwa wa busara, kwani kuifumua mipaka yote kungalizaa vita visivyokwisha.

Tunalosema ni kwamba kosa la mwaka 1890 laweza kurudiwa bila mkoloni. Bunge letu huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, na mwananchi wa Goziba, Ikuza, Mazinga, Kerebe au Bumbire anayo kura sawa na ya mtu wa mjini. Katiba ya mwaka 1977 yampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Lakini haki hiyo huwa maandishi matupu ikiwa amri juu ya nyavu, mialo, makambi ya wavuvi au vyombo vya usafiri hupitishwa nchi kavu, kisha mvuvi akaisikia siku ya kutozwa faini.

Twawaomba basi viongozi wetu, kabla ya kutia sahihi, wapande chombo wawafuate watu visiwani, wakae nao mwaloni na kuwasikiliza. Ziwa linapochafuka, ahirisheni mkutano, msiufute. Nao wananchi wa visiwani wasingoje kuitwa. Wahudhurie mikutano ya vijiji, wadai majibu kutoka kwa madiwani na wabunge wao, na mawazo yao wayatie katika maandishi. Watu wa Heligoland walipata walau ahadi chache kwa kuwa palikuwa na waliowatetea Bungeni. Sisi leo tunao wabunge wa kwetu. Hatuna budi kuwatumia.