Wairishi Wavuka Bahari na Magobore Yao

Mtu akisikia neno gobore, mara huwaza ile bunduki ndefu ya wazee, yenye kasiba iliyofungwa kwa waya, ambayo mwenyewe huishindilia baruti kwa mdeki huku akimwomba Mungu isimpasukie usoni. Bunduki za namna hiyo ziliingia bara kwa wingi pamoja na misafara ya pembe za ndovu, na nyingi zilikuwa mbovu tangu zilikotoka. Kwa hiyo ni vigumu kusadiki kwamba palikuwa na wakati ambapo gobore ndiyo bunduki iliyoaminiwa kupita zote na walenga shabaha hodari wa Ulaya, wakavuka nayo bahari ya Atlantiki kwenda kushindana kwa umbali wa yadi 1,000, yaani zaidi ya nusu maili.

Mambo yalianza mwaka wa 1873. Mwaka huo timu ya Ireland ilishinda Ngao ya Elcho huko Wimbledon, karibu na London, mbele ya Waingereza na Waskoti. Kiongozi wao, Meja Arthur Leech, akapeleka barua katika gazeti la New York Herald kuwaita walenga shabaha wa Marekani waje uwanjani. Walioitikia mwito huo walikuwa chama kidogo cha New York kiitwacho Amateur Rifle Club. Ujasiri wao ulikuwa mkubwa kuliko ujuzi wao, kwa maana uwanja wa Creedmoor katika Long Island ulikuwa umefunguliwa mwaka ule ule wa 1873, na bunduki za kufaa kwa yadi 1,000 hawakuwa nazo. Viwanda viwili, Remington na Sharps, vikaanza kuwatengenezea. Lakini bunduki hizo mpya hazikuwa magobore. Zilikuwa za kushindiliwa nyuma, risasi na baruti vikiwa pamoja ndani ya ganda moja la shaba.

Hapo ndipo ulipokuwa ubishi wenyewe. Wairishi walitumia magobore yaliyotengenezwa na John Rigby wa Dublin, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa walengaji sita wa timu. Hayakuwa magobore ya kuwindia ngedere shambani. Kasiba yake ilichongwa mifereji kwa ndani ili kuizungusha risasi, na juu ya kitako palikuwa na kipimo cha kulengea kilichoweza kupandishwa au kushushwa kwa kiasi kidogo kama unene wa unywele. Mlengaji alisimama, akamimina baruti iliyopimwa kwa uangalifu, akaisukuma risasi polepole ili isiharibike umbo, akatia fataki, ndipo akalala chini tena kulenga. Baada ya kila mlio kasiba ilipaswa kupanguswa masizi. Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha, lakini mafundi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba risasi iliyoingizwa kwa mkono namna hiyo hukaa sawasawa katika kasiba na kwenda moja kwa moja kuliko ile inayotoka katika ganda. Risasi ya siku hizo, nzito kupita aunsi moja, ilichukua kama sekunde tatu kufika yadi 1,000. Katika sekunde tatu upepo hufanya upendavyo. Kwa hiyo aliyeshindwa kusoma bendera na majani hakufaidiwa na bunduki yoyote, iwe ya kushindiliwa mbele au nyuma.

Tarehe 26 Septemba 1874, mbele ya maelfu ya watazamaji, timu hizo mbili zilikutana Creedmoor. Kila upande ulikuwa na watu sita, na kila mtu alipiga risasi 15 kwa yadi 800, 15 kwa yadi 900, na 15 kwa yadi 1,000. Shabaha zilikuwa mabamba ya chuma. Aliyepiga kitovu alipata alama 4, na aliyegusa sehemu za nje alipata 3 au 2.

Kwa yadi 800 Wamarekani walipata 326 na Wairishi 317. Tofauti ya alama tisa si ndogo katika mchezo huu. Kwa yadi 900 Wairishi wakapata 312 dhidi ya 310. Wakarudi nyuma hadi yadi 1,000, na hapo magobore yakaonyesha yalichosifiwa: Wairishi walimaliza kwa alama 302, na jumla yao ikawa 931. Wamarekani walikuwa na 930, na mtu mmoja tu alikuwa hajapiga risasi yake ya mwisho.

Mtu huyo alikuwa Kanali John Bodine. Hesabu ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwapo: akikosa, Ireland imeshinda, akiligusa bamba mahali popote, Marekani imeshinda. Ikawa kama shetani amekusudia kuwachezea, maana Kanali alishika chupa ya soda ya tangawizi apoze koo, chupa ikapasuka, ikamkata mkono. Damu ikatiririka. Alifunga kitambaa, akalala chini, akalenga, akapiga. Walisubiri zile sekunde tatu. Kisha ikaonyeshwa alama ya kitovu, na jumla ikawa 934 kwa 931.

Lakini katika vitabu vya siku hiyo limo jambo jingine, nalo huenda liliwauma Wairishi kuliko risasi ya Bodine. J. K. Milner, mmoja wa watu wao, alikuwa amepiga risasi nzuri sana iliyokwenda kitovuni hasa. Kwa bahati mbaya kitovu kile kilikuwa cha shabaha ya jirani. Sheria haina huruma katika jambo hilo, na Milner akaandikiwa sifuri mahali pa alama 4. Tofauti ya mwisho ilikuwa alama 3. Hata hivyo si haki kumtwika Milner mzigo wote, kwani kila timu ilipiga risasi 270, na katika watu 12 alikuwapo Mmarekani T. S. Dakin aliyepata alama 139 tu, chini ya wote, lakini akatoka uwanjani mshindi.

Meja Leech hakurudi nyumbani kwa kinyongo. Aliwapa wenyeji birika la fedha liwe tuzo ya kushindaniwa, na mwaka uliofuata Wamarekani ndio waliovuka bahari. Walikutana Dollymount, karibu na Dublin, mwaka wa 1875, nao wageni wakashinda kwa alama 967 dhidi ya 929. Safari hii hapakuwa na shabaha ya jirani ya kulaumiwa. Mwaka wa 1876 Wairishi walikwenda tena Creedmoor, pamoja na timu za Scotland, Kanada na Australia, wakawa wa pili nyuma ya Marekani. Tangu hapo siku za gobore katika mashindano makubwa zilihesabika. Rigby mwenyewe aliwekwa mwaka wa 1887 kuwa msimamizi wa kiwanda cha bunduki cha serikali huko Enfield, na mwaka uliofuata jeshi la Uingereza likakubali bunduki ya Lee-Metford, mama wa zile Lee-Enfield zilizokuja kubebwa na askari wengi wa King's African Rifles.

Hata hivyo gobore halikufa. Tangu mwaka wa 1971 kipo chama cha mataifa mengi kinachosimamia mashindano ya magobore, na wako watu ambao hata leo hupanda ndege na bunduki za namna ile ya Rigby kwenda kulenga katika nchi za wenzao. Shida yao kubwa ni baruti. Baruti nyeusi haikubaliwi kabisa katika ndege za abiria, hivyo mlengaji hufika mikono mitupu na kununua ya wenyeji, ambayo nguvu zake huenda zisilingane na ile aliyoizoea kwao. Ndiyo sababu mgeni mwenye busara hufika mapema, akalala chini uwanjani na daftari kando yake, akipiga risasi moja moja na kupanda au kushusha kipimo chake hadi aione risasi inaanguka pale anapotaka.