Asiye na Ushuhuda wa Kupona

Ibada nyingi za Jumapili katika Kivu Kaskazini zina kipindi cha ushuhuda. Anasimama aliyepona malaria, anasimama mama aliyejifungua salama, anasimama kijana aliyeponyoka mikononi mwa watu wenye silaha, na kila mmoja hupigiwa makofi na vigelegele. Mwenye kisukari hubaki kitini. Asimame aseme nini? Sukari ilishuka wiki iliyopita, juzi ikapanda, na kesho asubuhi atajidunga sindano kama alivyojidunga leo. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye kifafa, mwenye presha, anayeishi na virusi vya UKIMWI, na mzazi wa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao Wakongo wengi huuita SS. Mimi nadai kwamba watu hao hawana upungufu wowote wa imani. Chenye upungufu ni kipimo chetu. Tumezoea kuipima imani kwa kupona, na kwa mtu ambaye ugonjwa wake hauishi, kipimo hicho kinamuumiza rohoni na mwilini.

Pinga ni mahali pazuri pa kulijaribu jambo hili, kwa sababu huko hili si suala la mjadala wa darasani. Mji huo mdogo wa Kivu Kaskazini uko mpakani mwa wilaya mbili, Masisi upande mmoja na Walikale upande wa pili, na kwa miaka zaidi ya 10 makundi yenye silaha yamekuwa yakiugombania. Mapigano ya mwaka 2012 yaliwakimbiza wakazi porini. Agosti 2013 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililokuwa likitoa huduma hapo, liliwaondoa wafanyakazi wake baada ya kutishiwa. Oktoba 2024 waasi wa M23 waliingia Kalembe, kwenye barabara ya kutoka Mweso kwenda Pinga. Januari 2025 waliiteka Goma, na uwanja wake wa ndege, mlango mkuu wa dawa na misaada ya jimbo, ukafungwa. Kwa mgonjwa wa muda mrefu, kila barabara inayofungwa huhesabika kwa vidonge vilivyobaki kwenye kopo. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini kabisa, hana siku nyingi. Anayekatiza ghafla dawa za kifafa anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka. Anayeacha ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, huvipa virusi nafasi ya kuzaliana upya, na akizimeza kwa kurukaruka, virusi huzizoea. Presha ndiyo yenye hila kuliko zote: haiumi, kwa hiyo aliyeacha dawa hujiona mzima mpaka siku anapopooza.

Katika hali hiyo watu hutafuta maelezo, na maelezo hayakosekani. Ugonjwa usioisha hutafutiwa mtu: jirani katia sumu, shangazi kaloga. Asipopatikana mtu, hutafutwa dhambi. Vyumba vya maombi, vilivyoenea mashariki mwa Kongo, huongeza jibu la tatu: imani ya mgonjwa ni haba, basi afunge, akeshe, afunguliwe. (Kumfungisha chakula mtu anayetumia insulini ni kumweka karibu na kaburi.) Sisemi kwamba wote wanaoviendesha ni matapeli. Wengi wao humpokea mtu aliyekosa pesa ya hospitali, wakamlaza, wakamwombea usiku kucha bila kumdai bili, jambo ambalo sisi wengine hatulifanyi. Hata hivyo majibu yote matatu yamechipuka kwenye mzizi mmoja: ugonjwa ukibaki, lazima awepo wa kulaumiwa, na mara nyingi lawama humwangukia mgonjwa mwenyewe. Akishaamini hivyo, kidonge cha asubuhi hugeuka kuwa shahidi dhidi yake. Akikimeza anajiona amekiri kwamba hajaamini. Akikiacha ili aonyeshe imani, mwili unamwangusha.

Tanzania iliyaona haya kwa ukubwa wa kutisha mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, aligawa kijijini Samunge kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, akisema ni Mungu aliyemwonyesha na kwamba inatibu kisukari, UKIMWI na maradhi mengine sugu. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi. Walikuwepo waliotolewa kwenye vitanda vya hospitali wakafia njiani, na wataalamu wa afya walilazimika kuwasihi waliokunywa kikombe wasiache ARV zao. Mwasapile alifariki Julai 2021. Kwamba watu walikwenda hakunishangazi, maana aliyechoka kuumwa huenda popote anapoelekezwa. Linalonisumbua ni kwamba aliyerudi na ugonjwa wake alirudi pia na swali ambalo hakulipeleka kule: mbona wengine wamepona na mimi sikupona?

Biblia yenyewe hailiulizi swali hilo kwa namna hiyo. Marafiki wa Ayubu, waliosoma dhambi ndani ya majipu yake, ndio waliokemewa mwishoni mwa kitabu. Wanafunzi walipotaka kujua kama yule kipofu wa kuzaliwa alikosa yeye au wazazi wake, Yesu alikataa yote mawili. Mwiba wa Paulo tunautaja sana, ingawa wafafanuzi hawajakubaliana kama ulikuwa ugonjwa au taabu nyingine, kwa hiyo mimi naona ushahidi mzito zaidi uko kwenye mistari ambayo mahubiri huiruka. Trofimo, mwenzake Paulo katika safari, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Habari hiyo imo kwenye salamu za mwisho za barua ya pili kwa Timotheo, na hakuna anayemlaumu Trofimo wala Paulo. Timotheo naye alikuwa akiumwa mara kwa mara. Paulo hakumwagiza afunge wala hakukemea pepo. Alimshauri atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, yaani alimpa ushauri wa dawa ya zama zile. Na mfalme Hezekia, baada ya kulia, kuomba na kusikiwa, aliwekewa andazi la tini juu ya jipu kwa agizo la nabii Isaya. Maombi, unabii na dawa vimo katika kisa kimoja, na hakuna kinachomwonea mwenzake wivu.

Msomaji atapinga: Yesu aliponya, na Yakobo ameagiza mgonjwa apakwe mafuta na kuombewa. Ni kweli, na sioni kwa nini mtu yeyote aache kuombea uponyaji. Ila tuliangalie agizo la Yakobo linamtwika nani mzigo. Mgonjwa ametakiwa kufanya jambo moja tu, kuwaita wazee wa kanisa. Kuja, kupaka mafuta na kuomba kwa imani ni kazi ya wazee. Yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini, Marko anasema Yesu aliiona imani ya waliombeba. Imani yake mwenyewe haikutajwa. Tumeigeuza hesabu hiyo kichwa chini: anayebebwa ndiye tunayemdai imani, na wabebaji tumewasamehe. Wakatoliki wana mfano wao hapa. Tangu mageuzi ya Papa Paulo VI mwaka 1972, Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho pekee. Mwenye ugonjwa mzito au aliyedhoofika kwa uzee anaweza kuupokea, na kuupokea tena hali yake ikizidi kuwa mbaya. Bado familia nyingi humwita padre pumzi inapokatika, kwa kuogopa kwamba mafuta yanaleta kifo, na mtu aliyeumwa miaka 15 huyapata siku asiyoweza hata kuitikia.

Kuna pingamizi gumu zaidi, nalo halitoki kwa wahubiri wa miujiza. Linasema hivi: kumfundisha mgonjwa wa Pinga kuvumilia ni kuwapa nafuu waliofunga barabara. Dawa haikukosekana kwa mapenzi ya Mungu. Ilikosekana kwa bunduki. Nalikubali nusu yake kwa moyo wote. Uvumilivu unaohubiriwa na mtu mwenye dawa zake kabatini hauna heshima. Lakini saburi ya Biblia haijawahi kuwa ya kimya. Zaburi ya 88 ni kilio cha mtu aliyeteseka tangu ujana wake, na inaishia gizani bila jibu na bila shukrani, na bado imo kwenye kitabu cha sala. Waliokikusanya kitabu hicho hawakuona haya kuiweka humo. Mgonjwa anayelalamika mbele za Mungu, na kumtaja kwa jina aliyemzuilia dawa, hajapoteza imani, anaitumia. Kinachomnyamazisha ni kile kipindi cha ushuhuda kisicho na nafasi ya ugonjwa usiokwisha.

Kuna pia wanaosema dawa ni mambo ya serikali na mashirika, kanisa libaki na roho. Historia yetu haiwaungi mkono. Joe Church, mmoja wa waanzilishi wa Uamsho wa Afrika Mashariki, alikuwa daktari wa misheni huko Gahini, Rwanda, na mkutano wake na Simeoni Nsibambi jijini Kampala mwaka 1929 ndio unaotajwa kuwa chemchemi ya uamsho ule. Kongo yenyewe, tangu mradi wa afya ya msingi vijijini, SANRU, uanze mwaka 1981, makanisa ya Kiprotestanti yamebeba sehemu kubwa ya zoni za afya, na Wabaptisti wa CBCA wana hospitali zao mjini Goma, yaani Ndosho na Virunga. Kinachokosekana ni kile kidogo cha chini, mtaani, ambacho hakihitaji mfadhili. Kwamba kinawezekana, kuna mifano. Kinshasa, tangu mwaka 2010, wanaoishi na virusi wamekuwa wakichukua ARV kwenye vituo vidogo vya jamii vinavyoendeshwa na wenzao. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake, kwa hiyo hata nyumba isiyo na friji inaweza kuitunza kwa muda huo ikikingwa na jua.

Wazee wa kanisa wanaoyajua haya wana kazi ya kufanya kabla mlio wa risasi haujasikika. Wajue ni nyumba zipi zina mtu wa kidonge cha kila siku, dawa yake inaitwaje na inaisha lini. Wamhimize aombe ya miezi mitatu kituo kikiwa nayo. Na wakati wa kukimbia awepo kijana aliyepewa jukumu la kubeba mfuko wa mzee asiyeweza kutembea haraka. Shida iko kwenye orodha. Anayeishi na virusi ana haki ya kutojulikana, na kanisa ni mahali ambapo siri husafiri hata kwa njia ya ombi la sala. Afadhali kazi hiyo ishikwe na mtu mmoja anayeaminika, ikiwezekana muuguzi ambaye ni muumini, na kila mgonjwa aamue mwenyewe kama jina lake liandikwe.