Mche Mkononi mwa Mtoto



Liko neno ambalo watoto wetu hulisikia majumbani tangu wangali wadogo: "Hapa si kwetu." Mzazi hulisema bila ubaya wowote, pengine kwa kuikumbuka nyumba aliyozaliwa, pengine kwa kuchoshwa na baridi tu. Lakini mtoto aliyezaliwa Leicester au Birmingham hulisikia vingine. Huelewa kwamba ardhi anayoikanyaga haimhusu, na kwamba ile inayomhusu iko mbali, naye hajapata kuiona ila katika picha. Mtoto huyo akitupa kopo njiani au akiliacha bomba likimwaga maji, tusikimbilie kusema kwamba amekosa adabu. Huenda hajapata kuambiwa kwamba kuna mahali popote palipowekwa katika amana yake.

Liko na neno la pili. Kijana akirudi kutoka shuleni akizungumza habari za miti, taka na joto la dunia, huambiwa, "Hayo ni mambo ya Wazungu, wewe shika masomo." Nia yetu katika makala haya ni kuyapima maneno hayo mawili kwa kuyatazama maisha ya watu watatu ambao habari zao zimeungana kama shanga katika uzi mmoja.

Wa kwanza ni marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri, nchini Kenya, mwaka 1940. Karibu na kwao palikuwa na kijito alikokwenda kumchotea mama yake maji. Alicheza hapo katikati ya majani ya majimbi, akijaribu kuyaokota mayai ya vyura kwa kudhani kwamba ni shanga. Palikuwa pia na mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake. Hakuna aliyemsomesha mtoto yule neno "mazingira". Alifundishwa tu kwamba mti huu una heshima yake, nalo lilimtosha.

Mwaka 1960 alikwenda Marekani kusoma, akakaa huko miaka kadhaa kama tukaavyo sisi. Aliporudi, baada ya muda aliukuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Mwaka 1977 akaanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani, akiwafundisha wanawake wa vijijini kuotesha na kupanda miche ili wapate kuni, kivuli na maji. Kazi hiyo ilimletea misukosuko mingi na wakubwa wa wakati ule, na hatimaye, mwaka 2004, ikamletea Tuzo ya Nobeli ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipokea. Alifariki dunia Septemba 2011, na miti iliyopandwa kwa juhudi za harakati yake ilikuwa imefika makumi ya mamilioni.

Wa pili ni mtoto wa Kijerumani. Mnamo Januari 2007, Felix Finkbeiner, mwenye umri wa miaka 9, alipewa na mwalimu wake kazi ya nyumbani kuhusu kuongezeka kwa joto la dunia. Aliyempenda kuliko wanyama wote alikuwa dubu mweupe wa nchi za barafu, na shaka yake ya kwanza ilikuwa kwamba dubu huyo ataangamia. Katika kusoma kwake akafahamu kwamba hatari hiyo inawahusu wanadamu pia. Akakutana na habari za mwanamke wa Kenya ambaye, pamoja na wenziwe, alikuwa amepanda miti milioni 30 katika miaka 30. Aliposimama mbele ya wanafunzi wenzake alitoa shauri moja: watoto wapande miti milioni moja katika kila nchi ya dunia.

Mwezi Machi mwaka ule ule walipanda mti wao wa kwanza shuleni, mti mdogo wa jamii ya mtofaa. Shule nyingine zikafuata. Februari 2011, akiwa na miaka 13, Felix alihutubia Umoja wa Mataifa mjini New York. Na mwishoni mwa mwaka huo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likaikabidhi taasisi iliyoanzishwa na watoto hao kampeni yake ya kupanda miti bilioni moja, kampeni ambayo yenyewe ilitokana na kazi ya Profesa Maathai.

Hebu na tutafakari hapo. Kijana wa Ujerumani kusini aliamshwa na mama wa Nyeri. Basi vipi sisi tuwaambie watoto wetu kwamba mambo haya ni ya Wazungu? Mzungu huyo aliyachukua kwetu.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Miaka ya baadaye baadhi ya magazeti ya Ujerumani yalihoji hesabu za miti zilizotangazwa na taasisi hiyo. Hapo pana somo kwa kila mwenye kujitolea: kuhesabu mashimo yaliyochimbwa ni rahisi, kuhesabu miti iliyopona ni kazi. Felix mwenyewe hakuishia kwenye majukwaa. Alisoma London, kisha akaenda Zurich kuchunguza elimu ya misitu. Kitu kilichoanza kwa huruma ya mtoto juu ya dubu kikawa elimu ya mtu mzima.

Wa tatu ni Elizabeth Wathuti, naye mzaliwa wa Nyeri, mwaka 1995. Alipanda mti wake wa kwanza akiwa na miaka 7. Katika shule ya sekondari alishiriki kuanzisha chama cha wanafunzi cha mazingira, akaendelea na kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 2016 akaunda chama chake cha kuwafundisha watoto wa shule kupanda miti na kuilea, ikiwemo miti ya matunda ili wanafunzi wapate chakula. Novemba 2021, katika mkutano wa wakuu wa dunia uliofanyika Glasgow, hapa Uingereza, aliwaeleza habari za njaa ya Kenya, kisha akawaomba wakae kimya kidogo kwa ajili ya mabilioni ya watu ambao hawakuwapo na ambao mateso yao hayasikiki.

Katika watu hawa watatu hakuna aliyeanza kwa kutaka kuiokoa dunia. Mmoja alianza na kijito, mmoja na kazi ya nyumbani, mmoja na mche mmoja. Na nyuma yao palikuwa na mkubwa ambaye hakuwacheka: mama aliyekataza kuni, mwalimu aliyetoa swali na kusikiliza jibu.

Sisi tulio Uingereza hatukosi pa kuanzia. Miche hupandwa kuanzia Novemba hadi Machi, wakati miti imelala, na tangu mwaka 1975 kumekuwako wiki maalumu ya miti nchini kote ifikapo mwisho wa Novemba. Shirika la Woodland Trust hutoa miche bure kwa shule na vikundi vya jamii vinavyoomba. Na madrasa yetu pia ni kikundi cha jamii. Asiye na bustani ana dirisha: chungu kimoja cha nanaa au rehani, akabidhiwe mtoto kiwe chake, kikinyauka aulizwe yeye. Msikitini, vijana wapewe jukumu la bomba za kutilia udhu, kwani tumekatazwa israfu ya maji hata tukiwa kando ya mto. Na ifikapo Ramadhani, wao ndio wawe wasimamizi wa sahani na vikombe vya plastiki tunavyovitupa kwa magunia kila baada ya ftari.

Tumefundishwa pia kwamba mwenye mche mkononi na aupande hata kama Kiyama kimefika, na kwamba anachokula mtu, mnyama au ndege katika mti ule huandikiwa mpandaji kuwa ni sadaka. Ndege huyo haulizi kama mpandaji alikuwa mwenyeji au mgeni. Basi na tulibadilishe lile neno la nyumbani. Badala ya kumwambia mtoto "Hapa si kwetu," tumwambie, "Hapa tumeaminiwa," kisha tumpe mche, na tusimame naye anapoutia maji.

Wabillahi tawfiq.