Spea si Pambo la Mlango wa Nyuma

Leo sitaandika siasa. Nataka tuzungumze kuhusu tairi la spea, kwa sababu tairi hilo moja lilinikosesha maziko ya ami yangu.

Ilikuwa msimu wa masika. Simu ilikuja alfajiri: ami amefariki Witu, maziko baada ya sala ya Alasiri. Tukatoka Mombasa watu sita katika Land Cruiser ya zamani ya mpwa wangu. Tulipopita Gongoni, tairi la nyuma likapasuka. Tukashusha spea, rimu ikaingia, nati zikakaza, tukasema Alhamdulillah. Mpwa wangu akanambia, "Ami, hili ni dogo kidogo kuliko mengine, nililipata kwa bei nzuri." Nikamjibu, "Madhali linazunguka, twende."

Hapo ndipo nilipokosea, na nitaeleza kwa nini.

Gari lile lilivaa matairi ya 235/85R16. Spea ilikuwa 265/70R16. Nambari ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya ule upana. Ya mwisho ni rimu kwa inchi. Wengi wetu tukiona 16 na 16 tunaridhika. Lakini ukipiga hesabu, tairi la kwanza lina kimo cha milimita 806 na la pili 777. Tofauti ni kama upana wa vidole viwili tu. Hata hivyo, kila kilomita moja tairi kubwa huzunguka mara 395, na dogo karibu mara 410.

Mizunguko hiyo 15 inaenda wapi? Inaingia kwenye difu. Kazi ya difu ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke zaidi ya mwenzake gari linapokata kona. Kona huisha, na vijigia vya ndani vikapumzika. Ukifunga tairi dogo upande mmoja, kwa difu safari nzima ni kona isiyoisha. Oili inapata moto na vijigia vinalika.

Karibu na Minjila tukakuta lori limelala barabarani. Ilibidi tuteremke kando, kwenye matope, na mpwa wangu akatia magurudumu manne. Tukavuka salama. Tuliporudi kwenye lami, gia ya magurudumu manne ikakataa kutoka. Gari likawa zito kama linavutwa nyuma, na chini yake kunagongagonga.

Magari ya aina ile hayana difu ya katikati. Ukitia magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, zizunguke sawasawa. Ekseli yetu ya nyuma, kwa ajili ya lile tairi dogo, ilitaka kuzunguka zaidi. Kwenye mchanga au matope tairi huteleza kidogo na ile nguvu ikatoka. Lami haitelezi, kwa hivyo nguvu inajikunja ndani ya shafti na giaboksi kama kamba inayosokotwa, mpaka gia inabanwa.

Fundi aliyekuja kutusaidia hakufungua kitu. Alipiga jeki gurudumu moja la nyuma. Lilipoachana na ardhi likajizungusha lenyewe kwa kishindo, na gia ikatoka. Lakini kumpata fundi kulitugharimu saa tatu. Tulipofika Witu, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Sikumtilia ami yangu hata mchanga wa mkononi.

Fundi yule alitupa somo, nami nakupa wewe. Ukilazimika kufunga spea isiyolingana, usiiache nyuma kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ihamishie mbele, na tairi zuri la mbele lirudi nyuma, ili yale mawili yanayosukuma yawe sawa. Kama gari lina vifungo vya kuzungusha kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, hakikisha vimefunguliwa. Huenda usukani ukavuta upande mmoja, kwa hivyo nenda polepole mpaka duka la matairi lililo karibu. Magurudumu manne usitie ila umekwama kweli, na uyatoe kabla hujakanyaga ardhi ngumu.

Kwa magari yanayotumia magurudumu manne wakati wote, jambo ni zito zaidi, maana difu ya katikati nayo haipumziki. Hapo usiifunge kwenye lami, na safari iwe fupi kabisa.

Na nambari kulingana si mwisho wa habari. Tairi jipya na lililokwisha meno, hata ya saizi moja, yanaweza kupishana zaidi ya sentimita moja kwa kimo.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine: hewa ya chumvi. Spea inayoning'inia chini ya gari, mnyororo wake hushika kutu mpaka siku ya shida haushuki. Ishushe kila mwezi, paka grisi, pima upepo. Kisha tazama tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wazee walisema akiba haiozi, lakini akiba hii huoza, hata kama haijakanyaga barabara.

Mpwa wangu amenunua spea ya saizi yake. Bei ilimuuma, lakini hakulalamika. Naye pia alikuwa na ami mmoja tu wa babake kule Witu.

Kabla hujalala leo, toka nje na tochi, usome nambari za matairi yako matano.