Chungu cha Marwa na Mfuko wa Harambee

Msomaji wetu wa Pwani akisikia kwamba pombe imepikwa ili watu wasaidiane, kwanza atasema "Astaghfirullah", kisha atacheka. Nami niliyelelewa chuoni, kwa ubao na wino, hayo ndiyo yangekuwa maneno yangu. Lakini tusifanye pupa ya kuhukumu. Hebu tulitazame jambo lenyewe lilivyokuwa huko Meru na Embu, upande wa mashariki wa Mlima Kenya.

Zamani, mtu wa huko aliyekuwa na shamba la kulima au nyumba ya kujenga hakuwa na fedha za kulipa vibarua. Nyumbani kwake ilipikwa pombe: marwa ya nafaka, au ya miwa, na mwenye mizinga aliandaa ya asali, iliyoumuliwa kwa tunda la mwegea, ambalo wenyewe huliita muratina. Majirani wakaitwa, wakalima tangu asubuhi, na jua lilipopinda wakaketi kunywa. Chungu kile hakikuwa bidhaa. Kilikuwa shukrani, tena ahadi: leo kwangu, kesho kwako. Hata posa haikukamilika bila ya asali au pombe kupelekwa kwa wakwe.

Na chungu kilikuwa na mipaka. Pombe ilikuwa haki ya wazee. Kijana aliyekuwa bado kuoa na kuwa na mji wake hakutarajiwa kuionja. Hapakuwa na askari wa kumzuia. Kilichomzuia ni haya.

Ulipokaribia Uhuru, Mzee Jomo Kenyatta aliufanya wito wa Harambee kuwa wito wa taifa, mwaka 1963. Neno hilo ni la huku kwetu: ndilo walilopaaza mahamali wakivuta mizigo pamoja. Kwa Harambee watu wa mlimani walijenga shule, zahanati na majosho ya ng'ombe. Ule ujima wa zamani, uliolipwa kwa chungu, ukageuka mfuko wa kutiwa shilingi.

Na pombe nayo iliingia sokoni. Mama wengi waliipika na kuiuza wapate karo za watoto. Nia ilikuwa njema, lakini hapo ndipo mpaka ulipovunjika. Pombe ya shukrani humchagua mnywaji; pombe ya kuuzwa humtaka kila mwenye fedha, awe mzee awe kijana. Serikali ilipiga marufuku, watu wakapika mafichoni. Sheria ya mwaka 2010 ikaondoa marufuku ya chang'aa, ikaweka leseni na saa za kuuzia. Hata hivyo, Mei 2014, Embu na sehemu nyingine za Kenya ziliomboleza: watu wengi walikufa, na wengine wakapofuka, kwa vileo vilivyotiwa sumu ya methanoli. Chungu kilichokuwa kikikusanya majirani shambani sasa kiliwakusanya makaburini.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa wakicheza kamari ya mishale juu ya nyama ya ngamia, na mshindi akawagawia maskini fungu lake. Hiyo nayo ilikuwa sadaka! Aya ya 219 ya Suratul Baqara haikukana kwamba ulevi na kamari vina manufaa kwa watu. Ilipima, ikabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Mizani hiyo ndiyo ya kushika: tusiseme kwamba wenzetu hawana wema, bali tuulize wema huo umegharimu nini.

Wala si Waislamu peke yao waliopima hivyo. Wamishenari wa Kiskoti waliofungua kituo Chogoria mwaka 1922 waliwakataza wafuasi wao pombe. Katika harambee za kanisa mgeni hukaribishwa kwa chai, na shule zikajengwa vilevile. Kumbe kilichowaleta watu hakikuwa kileo. Walikuja kwa kuwa waliitwa na jirani.

Lakini kabla hatujajisifu, tukumbuke kwamba nyani haoni kundule. Jioni nenda barazani Mombasa, Malindi au Lamu, utazame mashavu ya vijana wetu. Mirungi ile imetoka Meru, milima ya Nyambene. Mkulima wa Igembe husomesha wanawe kwa fedha zetu, nasi twaacha watoto wetu wakisubiri karo na baba hajarudi nyumbani. Yeye tunamcheka kwa chungu chake, na karo ya wanawe twamlipia sisi!

Basi, ndugu msomaji, siku ukiombwa mchango wa madrasa au kisima, ule mkono ulioinunua mirungi jana uitie mfukoni tena leo. Harambee ni neno letu. Ni aibu wa mlimani walivute, nasi wenye neno tuwe barazani tumekaa.