Chupa za Bukavu, giza la Bujumbura

Umeme ukikatika hapa Buyenzi, wachomelea vyuma huzima mashine, nao ndugu waliorejea kutoka kambi za Kigoma huniuliza: mvua yote hii, mbona giza? Mvua nayo imo katika kesi. Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu pale Bukavu, mji uliopanuka haraka milimani huku magari ya kuzoa taka yakiwa machache. Ikinyesha, chupa za plastiki husombwa hadi ziwani, kisha huziba mitambo ya Ruzizi I. Wazamiaji huziopoa kwa mikono. Nyingine huteremka hadi Ruzizi II, bwawa la mwaka 1989 lenye megawati zipatazo 44 wanazogawana Burundi, Rwanda na Kongo. Nanyi mliozoea kupeleka vinywaji Bukavu kupitia Gatumba, sijaona hata mmoja akirudi na chupa tupu.