Fort Jesus Haipigwi Picha Saa Sita

Vijana wanaopiga picha hapa Mombasa huniuliza swali moja: ninunue kamera gani? Nami huwauliza: wewe hufika saa ngapi? Simu ya kawaida iliyofika mapema huishinda kamera ya laki mbili iliyofika saa sita mchana.

Jua likiwa chini, nuru yake hupita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Rangi ya buluu hutawanyika njiani, tukabaki na dhahabu. Tena nuru hiyo huja kwa ubavu, ikapapasa ukuta wa matumbawe mpaka kila shimo na kila ufa ukaonekana. Saa sita jua liko utosini: kuta nyeupe za Mji wa Kale huungua, na vichochoro huwa kiza.

Shida yetu ni kwamba tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na jua letu hupanda na kutua karibu wima. Mwenzetu wa London wakati wa kiangazi ana jioni ndefu ya kuchezea. Sisi tuna kama nusu saa ya ile dhahabu, kisha basi. Ndiyo maana kungoja kwetu ni kufika kabla, ukachagua pa kusimama, ukatulia.

Jioni nayo ina mtihani wake. Wekundu ule unaopendwa Instagram ndio wakati wa Magharibi wenyewe, na wakati wa Magharibi ni mfupi. Mimi nimechagua asubuhi. Kutoka adhana ya Alfajiri mpaka jua kuchomoza ni zaidi ya saa nzima. Naswali, navuka daraja la Nyali, nafika upande wa Mkomani bado kuna kiza.

Kutoka hapo Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iko ng'ambo ya maji, na ukuta wake wa baharini hupokea jua la kwanza. Miezi ya kipupwe, Juni na Julai, jua huchomoza likiegemea kaskazini na nuru hukujia nyuma ya bega la kushoto. Disemba na Januari hukujia kando, vivuli vikawa virefu zaidi. Mimi naipenda ya kipupwe.

Tazama na maji. Siku za bamvua hujaa karibu na saa kumi alfajiri, kwa hivyo jua likichomoza ndiyo yanaanza kutoka. Siku za maji mafu, saa hiyo yanapanda. Mvuvi yeyote atakueleza haya vizuri kuliko mimi.

Wingu likiziba upeo, usifunge mkoba. Jua huweza kulitoboa dakika kumi baadaye, na nuru hiyo ya kupenya ndiyo tamu kuliko zote. Mgeni wa hoteli ana siku mbili tu na ndege ya kuwahi. Wewe una asubuhi za mwaka mzima, na mteja anayetaka picha ya mji huu atakulipa kwa hizo. Mimi asubuhi nyingi nakosa nuru, nanunua mahamri na mbaazi, narudi nyumbani. Kesho yake niko pale pale.